Kwa Nini Tunacheza Nyimbo Zinazolia?

Harusini Mombasa, bendi ikianza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wageni huacha sahani zao na kuingia uwanjani, ingawa anayeimba ni mtu anayelalamika kwamba anachukiwa bila kosa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba "Kifo", na mashabiki wa bendi yake ya Super Matimila wakakicheza kifo mpaka mashati yakalowa. Mbaraka Mwinshehe aliimba "Shida", na hakuna aliyebaki kitini. Ndiyo maana swali hili haliishi: inakuwaje wimbo unaolia utuinue? Au ni kwamba hatusikilizi maneno?

Tunayasikiliza sana. Ila huzuni haijazi wimbo mzima. Mtunzi huiweka mahali fulani, na sehemu iliyobaki huiacha huru kwa ajili ya kiuno na miguu. Ukijua imewekwa wapi, umeshapata nusu ya jibu.

Sura hii inaifuata huzuni hiyo hadi Lubumbashi, mji mkuu wa Haut-Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Sikuuchagua kwa sababu ni mji wa muziki kuliko mingine; ningesema hivyo, Kinshasa ingenishitaki. Nimeuchagua kwa sababu huzuni inayochezeka imepita hapo kwa gitaa kavu, kwa ala ya pipa, na karne hii kwa kompyuta na vinanda vya umeme.

Mahali patatu pa kuiweka huzuni

Mahali pa kwanza ni maneno. Hapa muziki wenyewe unaweza kuchangamka kabisa, magitaa yakicheka, huku mwimbaji akisimulia kufukuzwa kazi. Rumba ya Kongo kwa sehemu kubwa imekaa hapa. Ukiondoa maneno, mgeni asiyejua lugha atadhani ni sherehe tu.

Mahali pa pili ni sauti zenyewe. Katika muziki wa Ulaya kuna mpangilio wa noti uitwao maina. Ni ngazi ya sauti ambayo noti yake ya tatu imeshushwa kidogo, na sikio lililozoea muziki huo huipokea kama huzuni. Nyimbo nyingi za dansi za kielektroniki za Ulaya zimejengwa juu ya maina. Mdundo unakimbia, noti zinasononeka.

Mahali pa tatu ni nafasi. Sauti ya mwimbaji inaweza kurekodiwa kana kwamba ananong'ona sikioni mwako, au kana kwamba yuko peke yake katika jengo kubwa tupu. Mwangwi ukiwa mrefu, upweke unasikika hata kabla ya neno la kwanza. Mafundi wa studio huongeza mwangwi huo kwa mashine.

Kwa ufupi:
- huzuni ya maneno unaielewa;
- huzuni ya noti unaihisi bila kuelewa;
- huzuni ya nafasi inakuzunguka.

Mdundo haumo katika orodha hiyo. Mdundo una kazi yake nyingine, na karibu kila mara huachwa ufanye kazi hiyo bila kuombwa ulie. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Nyimbo nyingi za dansi hupita hapo kidogo, mapigo 100 hadi 130. Mwili unavutwa mbele huku sikio likivutwa nyuma.

Vidole viwili vya Mwenda

Mji huu ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa sababu moja tu: shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na mikono ikatafutwa Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na Ruanda-Urundi. Watu wasioelewana lugha wakapangwa nyumba kwa nyumba katika kambi za wafanyakazi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Vijana wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, mbali na mama zao, wakanunua magitaa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka na mashine yake ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa madini ambao sasa unaitwa Likasi. Huko alimrekodi kijana mwenye umri wa miaka 22 hivi, Jean-Bosco Mwenda. Kijana huyo alikuwa wa Bayeke, watu ambao mababu zao walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, Tanzania ya leo, wakamfuata kiongozi wao Msiri hadi Bunkeya, Katanga, katika karne ya 19. Msomaji wa Tabora ana haki ya kudai fungu lake katika habari hii.

Wimbo uliompa Mwenda jina ni "Masanga". Usikilize kwa makini mkono wa kulia, kwa sababu hapo ndipo fundi anapoonekana. Anatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutembea kwa hatua sawa, mtu wa kucheza akanyage hapo. Cha shahada kinakwenda juu ya nyuzi nyembamba kwa hesabu nyingine, kinachelewa, kinawahi, kinakatiza katikati ya hatua za gumba. Asiyejua hudhani anasikia magitaa mawili. Juu ya vidole hivyo inakuja sauti yake, tulivu, isiyo na haraka yoyote.

Kwa hiyo kuna miendo mitatu kwa pamoja, na wa polepole kuliko yote ni ule wa mtu anayeimba. Ukitaka kucheza, lifuate gumba. Anayetaka kukaa na mawazo yake ana sauti ya Mwenda. Hakuna umeme hapo, wala ngoma, lakini hesabu ya wimbo wa dansi wenye majonzi imeshatimia.

Mwenda alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na upigaji wa Katanga ukawaingia wapiga gitaa wa Kenya kabla magitaa ya umeme hayajatawala. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne

Kabla ya kufika kwenye kompyuta kuna kituo ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Mitaani Lubumbashi na vijijini Katanga kuna ala iitwayo karindula. Chukua pipa au dumu kubwa, wamba ngozi ya mbuzi mdomoni mwake, funga mti mrefu uwe shingo, vuta nyuzi nne. Ni banjo kubwa kuliko mpigaji. Sauti yake ni nene, ina mkwaruzo, na ikipigwa kwa muda mrefu bila kubadilika inakufanya usahau wakati.

Hilo la kutobadilika ndilo tunalolihitaji. Wimbo wa karindula unaweza kuzunguka juu ya kipande kilekile cha sauti mpaka wachezaji waingie katika hali nyingine. Wanamuziki wa kompyuta hukiita kipande kama hicho lupu, yaani sauti fupi inayorudiwa bila kukoma, na huipata kwa kubofya mara moja. Wapiga karindula huipata kwa bega na kiwiko. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa mkusanyo uitwao The Karindula Sessions, uliorekodiwa Lubumbashi na Vincent Kenis.

Kenis ndiye pia aliyewatoa Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mawangu Mingiedi, katika albamu Congotronics ya mwaka 2004. Mingiedi alipiga likembe, ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Alitaka isikike juu ya kelele za jiji, basi kundi likaunda vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari na kuunganisha na vipaza sauti vya zamani. Sauti ikatoka imechanika. Wao hawakuwa wakitafuta mkwaruzo. Walikuwa wanatafuta kusikika. Wasikilizaji wa Ulaya wakaupokea kama muziki wa kielektroniki wa kisasa kabisa, na mimi sioni kosa lao. Umeme ulipita humo, sauti ikabadilika, watu wakacheza. Unataka ushahidi gani zaidi?

Ambienti, sinthesaiza na maneno mengine ya kutisha

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya istilahi, kwa sababu ndizo zinazowafukuza wasomaji.

Sinthesaiza ni kinanda kisichogonga uzi wala kupuliza hewa. Kinaunda sauti kwa umeme tangu mwanzo. Mashine ya ngoma hufanya hivyo kwa ngoma. Ambienti ni muziki uliotungwa ujaze chumba bila kukulazimisha uusikilize, na jina lake lilienea baada ya Mwingereza Brian Eno kutoa albamu Ambient 1: Music for Airports mwaka 1978. Unafanya kazi kama taa ya chemli: huitazami, lakini ikizimwa utajua. Popu, mwisho, ni wimbo mfupi wenye kiitikio kinachoshikika. Ukichanganya hivi vyote, yaani anga ya ambienti, kiitikio cha popu, mdundo wa kuchezeka na majonzi juu yake, unapata aina ya muziki inayozungumzwa katika sura hii.

Afrika haikuchelewa. Francis Bebey, mzaliwa wa Douala, Kameruni, alikuwa Paris katika miaka ya 1970 akirekodi kwa sinthesaiza, mashine ya ngoma na sanza, ambayo ni jamaa mwingine wa ilimba. Kazi hizo zilikusanywa mwaka 2011 kwa jina African Electronic Music 1975–1982. Nyingine zina utani mwingi, nyingine upweke wa mtu aliye ughaibuni, na kwa sikio langu zile za upweke ndizo zilizozeeka vizuri.

Barua kutoka Lubumbashi

Sasa tumfikie mwanamuziki Baloji. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi baba yake alimpeleka Ubelgiji, akakulia Ostend na Liège, na mawasiliano na mama yake yakakatika. Ujana wake aliupitisha katika kundi la rap la Starflam. Mnamo miaka ya 2000, baada ya kuliacha kundi hilo, alipata barua. Ilikuwa imetoka kwa mama yake.

Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Hotel Impala ya mwaka 2007, ni jibu la barua hiyo. Mwana anamweleza mzazi wake alivyoishi miaka yote hiyo. Wimbo mmoja, "Nakuenda", unazaliwa kutokana na wimbo wa Marvin Gaye, Mmarekani ambaye naye aliishi Ostend mwaka 1981. Kwangu mimi albamu ina mambo mengi mno, kama barua yoyote iliyochelewa robo karne. Rap, soul na rumba vinagombania nafasi. Lakini huzuni yake haina kujificha. Bado imekaa mahali pa kwanza, kwenye maneno.

Kisha akafanya jambo la busara: alizirudisha baadhi ya nyimbo hizo Kongo. Kinshasa Succursale, iliyotoka mwaka 2010, ilirekodiwa Kinshasa na wanamuziki wa huko. Katika "Karibu ya Bintou" Konono No. 1 wanaingia na likembe zao za umeme, na hapo unasikia huzuni ikianza kuhama. Likembe zinazunguka bila kubadilika, mkwaruzo unajaza hewa yote, na rap ya Kifaransa inapita katikati kama mtu anayevuka soko usiku. Jukwaani kundi lake aliliita Orchestre de la Katuba, jina la wilaya mojawapo ya Lubumbashi.

Kompyuta na jiwe la kijani

Rekodi ninayoitaka msomaji aishike ni fupi na imeandikwa kidogo kuliko zilizotangulia na zilizofuata: 64 Bits and Malachite, ya mwaka 2015. Nusu ya jina inatoka kwenye kompyuta, na 64 ni kipimo cha ukubwa wa hesabu ambazo kichakato chake hufanya kwa mkupuo. Nusu ya pili ni malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba ambalo huchongwa na kuuzwa Lubumbashi kama pete, mikufu na wanyama wa mapambo.

Watu huona jina hilo kama mashairi. Mimi naliona kama maelezo ya kiwandani. Nyaya za sinthesaiza ni za shaba. Betri ya simu nyingi ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa ukanda wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Muziki wa kielektroniki unaosemekana kuletwa Katanga kutoka Ulaya hauwezi kuwaka Ulaya bila kilichotoka Katanga. Kijana wa mtaa wa Kenya (wilaya ya Lubumbashi, si nchi) anaweza kuwa anausikiliza kwenye simu yenye vumbi la nyumbani kwao, umeme ukiwepo.

Katika rekodi hii magitaa ya Kikongo hayajaondoka, lakini sasa yanaogelea katika sauti za vinanda. Besi ni ya mashine. Sauti za nyuma zimepewa mwangwi. Katika wimbo "Capture" anaimba pia Yannick Ilunga, anayejulikana kama Petite Noir, na hapo duara linapanuka.

Petite Noir alizaliwa Brussels, baba Mkongo na mama Muangola, akakulia Cape Town. Januari 2015 alitoa rekodi yake fupi ya mwanzo, The King of Anxiety, na mwaka uleule ikafuata albamu La Vie Est Belle / Life Is Beautiful, ambamo Baloji anaingia katika wimbo uliobeba jina la albamu. Petite Noir ana sauti nzito ya chini, ya mtu anayeimba huku ameinamisha kichwa. Chini yake vinanda vinasononeka kwa mtindo wa Uingereza ya miaka ya 1980, na ngoma zinakataa kusononeka. Mwenyewe aliuita mtindo huo noirwave. Huzuni yake imekaa mahali pa pili na pa tatu, kwenye noti na kwenye nafasi. Maneno yanakuja baadaye.

Baloji aliufikia mchanganyiko kamili mwaka 2018, katika 137 Avenue Kaniama. Jina la albamu ni anwani ya Lubumbashi, ile ya mama yake. Wimbo wake mrefu "La dernière pluie / Inconnu à cette adresse" unarudi kwenye kukutana kwao, na mkutano huo haukuwa ule wa sinema wa kukumbatiana na machozi ya furaha. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita; kila mmoja alikuwa amemngoja mtu mwingine. Wimbo huu hauchezeki, na haukukusudiwa kuchezeka. Lakini umepangwa katika albamu moja na nyimbo za kumwaga jasho, na ukizisikiliza kwa mpangilio wake utaona zote zinatoka kwenye jeraha hilohilo. Mwaka 2023 alitoa filamu ndefu Augure, iliyopata tuzo Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, nayo pia inamhusu mwana anayerudi Kongo kutoka Ubelgiji.

Basi, je, tunacheza kwa kusahau?

Wapo wanaosema dansi ni kuikimbia huzuni. Sikubaliani nao, na Lubumbashi inanipa sababu. Kwenye kilio, ndivyo msiba unavyoitwa huko, watu hukesha wakiimba, na anayeimba kwa nguvu mara nyingi ni yule aliyempenda marehemu. Hakuna anayemshuku kwamba amesahau. Muziki unamruhusu kukaa na jambo zito kwa saa nyingi, kwa sababu mwili una kazi ya kufanya.

Mdundo unafanya hivyohivyo katika nganda, yaani baa ya Kikongo, chupa ya bia ya Simba mezani. Ukisikiliza taarifa ya kifo umesimama wima, utaivumilia dakika chache. Ukiipata ndani ya wimbo wa dakika saba wenye gitaa linalozunguka, utaivumilia yote, na utaomba irudiwe.

Pa kuanzia

Kwa msomaji anayetaka kujaribu mwenyewe, mpangilio wangu ni huu:
- "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, mara mbili: ya kwanza fuata gumba, ya pili fuata sauti;
- The Karindula Sessions, kwa sauti kubwa, majirani wakikubali;
- "Karibu ya Bintou" ya Baloji na Konono No. 1;
- "Capture", kisha The King of Anxiety nzima, kwa kuwa ni fupi;
- 137 Avenue Kaniama, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka.

Usianze na hiyo ya mwisho. Utachoka na utanilaumu. Na usizisikilize kwa spika ndogo ya simu. Spika hiyo huiangusha besi karibu yote, na besi ndiyo iliyobeba dansi, kwa hiyo utabaki na kilio peke yake.